Maktaba Isiyouzwa: Miaka 30 ya Internet Archive

Kampuni aliyoanzia kazi ilifilisika mwaka 1994. Ya pili aliianzisha mwenyewe, akaiuzia kampuni ya intaneti ya AOL mwaka 1995. Ya tatu aliiuzia Amazon mwaka 1999, na Amazon ikaizima Mei 2022. Kwa hesabu za kibiashara, Brewster Kahle ni mjasiriamali aliyejua kuuza soko likiwa limechangamka, na habari yake ingeishia hapo. Lakini mwaka 1996, mwaka ule ule alioanzisha kampuni ya tatu, alianzisha na kitu kingine kisichokuwa na hisa wala mnunuzi. Hicho ndicho kilichobaki. Kinaitwa Internet Archive, makao yake ni San Francisco, Marekani, na mwaka 2026 kinatimiza miaka 30.

Taasisi ikifikisha umri huo kwa kawaida huandikiwa kitabu cha picha za wakurugenzi na orodha ya mafanikio. Hii ina makovu mengi mno kwa kitabu cha namna hiyo. Imeungua moto, imeshitakiwa na wachapishaji ikashindwa, imedukuliwa, imepelekewa na FBI barua ambayo ilikatazwa hata kuitaja. Kwa maoni yangu makovu hayo ndiyo yanayostahili kusimuliwa, maana maktaba isiyogombana na mtu yeyote huenda haijahifadhi kitu chochote cha maana.

Kahle alizaliwa New York mwaka 1960, akasomea kompyuta katika chuo cha MIT na kuhitimu mwaka 1982. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba alipokuwa mwanafunzi, rafiki yake alimtaka aeleze kitu kimoja chema ambacho teknolojia aliyoipenda ingeweza kuwafanyia watu. Alipata mawazo mawili tu. La kwanza lilikuwa kulinda siri ya mazungumzo ya simu. Alilifanyia kazi, akaona gharama ya vifaa ni kubwa kiasi kwamba mtu wa kawaida hataambulia kitu. La pili lilikuwa kujenga upya, kwa kompyuta, ile Maktaba ya Alexandria ya Misri ya kale iliyotaka kukusanya maandishi yote ya dunia chini ya paa moja. Hilo la pili hakuliacha tena, ingawa ilimchukua miaka kama 15 kulifikia, kwa sababu kompyuta za kulibeba zilikuwa bado hazijatengenezwa.

Kwa hiyo alikwenda kuzitengeneza. Alijiunga na Thinking Machines, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1983 na Danny Hillis na Sheryl Handler huko Massachusetts. Mtambo wao wa kwanza, Connection Machine, ulikuwa na prosesa ndogo ndogo 65,536 zinazofanya kazi kwa pamoja. Kahle alikuwa miongoni mwa wahandisi wake wakuu. Mtambo wa namna hiyo una nguvu za kupekua maandishi mengi kwa mkupuo, na hapo ndipo wazo la maktaba lilipopata mguu wa kusimamia.

Matunda yake yalikuwa WAIS, mfumo uliobuniwa kuanzia 1989 kwa ushirikiano na Apple, Dow Jones na kampuni ya uhasibu ya KPMG. Mtu aliandika swali kwa maneno ya kawaida, swali likasafiri mtandaoni hadi kwenye kompyuta iliyo mbali, na majibu yakarudi yamepangwa kuanzia lile linalokaribia zaidi. Leo mtoto wa darasa la nne anafanya hivyo kwa simu ya mzazi wake na haoni ajabu yoyote. Wakati ule tovuti kama tunazozijua zilikuwa ndiyo kwanza zinazaliwa. Mwaka 1992 Kahle aliigeuza kazi hiyo kuwa kampuni, WAIS Inc., iliyowasaidia wachapishaji kuweka maandishi yao mtandaoni na kuyalipisha. AOL iliinunua kwa dola milioni 15.

Hapo ndipo naomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu kilichofuata ndicho kiini cha habari yote.

Mwaka 1996 Kahle na Bruce Gilliat walianzisha Alexa Internet katika Presidio, kambi ya zamani ya jeshi pembezoni mwa San Francisco iliyokuwa imegeuzwa hifadhi ya umma. Jina lilitokana na Alexandria. Alexa ilikuwa kampuni ya biashara hasa: programu zake zilizunguka mtandaoni zikitembelea tovuti moja baada ya nyingine na kunakili kurasa, na kutokana na nakala hizo, pamoja na nyendo za watumiaji wake, iliwaambia wateja ni tovuti gani zinatembelewa sana na zipi zinafanana. Nakala zenyewe, zikishatumika, zilikuwa kama makapi ya kiwandani. Ndipo ikasajiliwa taasisi ya pili, isiyotafuta faida, Internet Archive, nitakayoiita Hifadhi tu, na kati ya hizo mbili kukawa na makubaliano: kila kilichonakiliwa na Alexa kitakwenda kwenye Hifadhi baada ya kukaa miezi sita.

Ni jambo dogo la kimkataba, na wengi wanaosimulia maisha ya Kahle hulipita mbio ili wafike kwenye mamilioni ya Amazon. Mimi naliona ndilo busara yake kubwa kuliko mitambo yote aliyowahi kuibuni. Alijua kampuni changa ya teknolojia hufa au huuzwa, na kwamba mnunuzi hanunui kumbukumbu za watu, hununua wateja. Akaitenga kumbukumbu mapema, kabla hajafika mtu wa kuipangia bei. Amazon ilipokuja mwaka 1999 na hisa zenye thamani ya dola milioni 250 hivi, ilichukua Alexa. Hifadhi haikuwemo kwenye mauzo, na nakala ziliendelea kumiminika kwake kwa miaka mingi baada ya hapo, safari hii kwa gharama za Amazon. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kahle aliuza mali, daftari akabaki nalo.

Sehemu ya fedha za mauzo ikaingia katika mfuko wa hisani alioanzisha na mkewe, na mfuko huo umeibeba Hifadhi katika vipindi vigumu. Mapato mengine yamekuwa michango ya watu binafsi na malipo ya maktaba zinazoomba vitabu vyao vinakiliwe au tovuti zao zikusanywe.

Miaka mitano ya kwanza ilikuwa ya ukimya. Kurasa zilirekodiwa kwenye kanda, kanda zikapangwa, na waliozifungua walikuwa watafiti wachache. Kazi moja ya mwanzo kabisa, iliyofanywa pamoja na Taasisi ya Smithsonian, ilikuwa kunakili tovuti za wagombea urais wa Marekani mwaka 1996. Siku hizo tovuti ya mgombea ilikuwa pambo tu, na hakuna mwanahistoria aliyekuwa akililia kuitunza.

Oktoba 2001 milango ilifunguliwa kwa umma. Wayback Machine, iliyopewa jina la kuchekesha kutokana na chombo cha kusafiria zama za nyuma katika katuni ya Kimarekani, ilizinduliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ikiwa na kurasa zaidi ya bilioni 10. Unaandika anwani ya tovuti, unachagua tarehe, na ukurasa unafunguka kama ulivyokuwa siku hiyo. Mwezi huo huo Hifadhi iliweka hadharani mkusanyiko wa matangazo ya televisheni ya siku za mashambulizi ya Septemba 11, yaliyorekodiwa kutoka vituo vya nchi mbalimbali, watu waone dunia ilivyoelezwa habari ile kwa sauti tofauti.

Mwaka 2002 deni la jina likalipwa. Hifadhi iliipa maktaba mpya ya Alexandria, Bibliotheca Alexandrina, nakala nzima ya kurasa za 1996 hadi 2001 pamoja na kompyuta za kuzibeba. Maktaba ya kale ilikuwa na nakala moja na ilipotea. Kahle amelirudia jambo hilo katika hotuba zake karibu zote. Januari 2011, Wamisri walipoinuka dhidi ya serikali ya Hosni Mubarak na intaneti ya nchi nzima ikakatwa, vijana walishikana mikono wakaizunguka maktaba hiyo ili isiguswe.

Mwaka huo huo wa 2002 ulizaa pia mradi ninaoupenda kuliko mingine, labda kwa sababu ulifika kwetu. Kahle alichukua gari dogo, akaliwekea dishi la satelaiti, printa na kifaa cha kujalidi, akaliendesha kutoka San Francisco hadi Washington. Njiani lilisimama kwenye shule na maktaba, na watoto wakachapishiwa vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha. Safari ilipangwa ifike Mahakama Kuu ya Marekani wakati wa kesi ya Eldred dhidi ya Ashcroft, iliyopinga sheria ya kuongeza miaka 20 kwenye muda wa hakimiliki. Kesi ilishindwa mwaka uliofuata kwa majaji 7 dhidi ya 2. Gari lenyewe halikushindwa: mwaka 2003 gari la aina hiyo lilianza kazi Uganda, chini ya Maktaba ya Taifa ya nchi hiyo na kwa fedha za Benki ya Dunia, likachapisha vitabu papo hapo katika vijiji ambavyo duka la vitabu lilikuwa safari ya siku nzima.

Vitabu basi vikawa kazi ya pili kubwa. Hifadhi ilibuni mashine yake ya kunakili: kitabu hulazwa kwenye meza yenye umbo la V ili uti wake usivunjike, kioo hushuka kwa pedali ya mguu, kamera mbili hupiga kurasa mbili, kisha mtu hufunua ukurasa kwa mkono. Ni kazi ya mikono ya watu na haijapata njia ya mkato. Google ilipoanza kunakili maktaba za vyuo vikuu, Kahle alikuwa mkosoaji wake mkali, akiona urithi wa umma unaingia kwenye kabati la kampuni moja. Mwaka 2005 aliongoza muungano wa maktaba uliotaka vitabu hivyo viwe wazi kwa wote. Microsoft ilijiunga, ikachoka, ikajiondoa mwaka 2008.

Mwaka 2009 Hifadhi ilihama Presidio na kununua kanisa. Ni jengo la mwaka 1923 lenye nguzo za Kigiriki, lililokuwa la waumini wa Christian Science, na Kahle hutania kwamba alilinunua kwa sababu linafanana na nembo ya taasisi yake. Mabenchi ya ibada yamebaki. Nyuma ya ukumbi, pale ambapo mgeni angetarajia masanamu ya watakatifu, zimesimama seva zenye taa za buluu zinazowaka na kuzima mtu anapofungua au kuweka kitu. Joto lake hutumika kupasha jengo. Pembeni wamesimama watu wa udongo wa kuchoma, zaidi ya 100, kila mmoja akiwa na urefu wa karibu nusu ya mtu: ni sanamu za wafanyakazi waliotumikia miaka 3 au zaidi, kazi ya msanii Nuala Creed. Taasisi ngapi humchongea sanamu fundi wa seva?

Novemba 2013 jengo la jirani lililotumika kunakilia vitabu liliungua. Mashine na baadhi ya maandishi yaliyokuwa yakisubiri zamu viliteketea, hasara ikakadiriwa kuwa dola 600,000. Hakuna aliyeumia, na hakuna data iliyopotea, kwa kuwa nakala nyingine zilikuwa mahali pengine. Vitabu vya karatasi vyenyewe huhifadhiwa Richmond, ng'ambo ya ghuba, ndani ya makontena.

Kwenye sheria Hifadhi imeonja ushindi na kipigo. Novemba 2007 FBI iliiletea barua ya usalama wa taifa ikidai taarifa za mtumiaji mmoja, na barua za aina hiyo humziba mdomo anayezipokea. Kahle, akisaidiwa na wanasheria wa EFF na ACLU, mashirika ya kutetea haki za raia, alikwenda mahakamani, na mwaka 2008 FBI ikaifuta barua na kuruhusu habari itangazwe. Wakutubi wengi walipata moyo.

Kipigo kilikuja kwa upande wa vitabu. Tangu 2011 Hifadhi ilikuwa ikiazimisha nakala za kidijitali za vitabu ambavyo bado vina hakimiliki kwa kanuni moja: ukiwa na kitabu kimoja cha karatasi ghalani, mtu mmoja tu anaazima nakala yake kwa wakati mmoja. Machi 2020, Uviko-19 ulipofunga shule na maktaba, Kahle aliondoa foleni. Vitabu milioni 1.4 vikawa wazi bila kungoja zamu. Juni 1, 2020 wachapishaji wanne, Hachette, HarperCollins, Wiley na Penguin Random House, walifungua kesi New York. Hifadhi ilirudisha foleni katikati ya mwezi huo, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Nia ilikuwa njema, sina shaka nayo, ila uamuzi ulikuwa mbaya. Hoja nzima ya kuazimisha ilisimama juu ya mguu mmoja, kitabu kimoja kwa msomaji mmoja, na Kahle mwenyewe ndiye aliyeuondoa mbele ya mahasimu waliokuwa wakitafuta sababu. Mahakama haikuishia kwenye miezi ile mitatu. Machi 2023 Jaji John Koeltl alikataa utaratibu wote wa kuazimisha, foleni au bila foleni, na Septemba 2024 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Hifadhi haikwenda Mahakama Kuu. Vitabu zaidi ya 500,000 viliondolewa kwenye orodha ya kuazimwa. Aliyeumia zaidi ni msomaji wa mbali asiye na maktaba karibu, na ndiye ambaye hakuwa na mwakilishi mahakamani.

Mwezi mmoja baada ya hukumu hiyo, Oktoba 2024, wadukuzi waliingia. Taarifa za akaunti milioni 31 ziliibwa, na mashambulizi ya kuzilemea seva yakaizima tovuti kwa siku kadhaa. Kurasa zilizohifadhiwa zilikuwa salama. Mwaka uliofuata, 2025, Hifadhi ilimalizana nje ya mahakama na kampuni za muziki zilizoishitaki kwa kunakili santuri za zamani, ikateuliwa kuwa mojawapo ya maktaba rasmi za kutunza nyaraka za serikali ya Marekani, na mwezi Oktoba ikasherehekea kufikisha kurasa trilioni 1.

Faida ya trilioni hiyo haionekani kwenye hesabu, inaonekana mtu anapotaka kuruka alichokisema. Julai 2014, ndege ya Malaysia Airlines MH17 ilipodunguliwa mashariki mwa Ukraina, ukurasa uliohusishwa na kamanda wa waasi ulikuwa umeandika kwamba wameangusha ndege ya kijeshi. Habari ilipobadilika maandishi yalifutwa. Wayback Machine ilikuwa imeshayanakili. Februari 2025 tovuti ya USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, ilizimwa ghafla, na watu wa nchi nyingi za Afrika waliozoea kuchota humo ripoti za malaria, maji na kilimo cha nchi zao wakakuta mlango umefungwa. Nakala za kurasa nyingi zilikutwa Hifadhi. Hata kwa siku za kawaida upotevu ni mkubwa: kituo cha utafiti cha Pew kilionyesha mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 hazipatikani tena.

Lakini sherehe isitufunge macho. Programu za kukusanya hufuata viungo, na tovuti inayotajwa na wengi hutembelewa mara nyingi. Mwaka 2004 watafiti walishaonyesha kwamba tovuti za Marekani zimehifadhiwa vizuri kuliko za nchi nyingine. Gazeti la Nairobi lenye wasomaji wengi utalikuta, pengine kwa mapengo. Tovuti ya halmashauri, ya chuo cha ualimu au ya redio ya mkoani iliyofungwa kwa kutolipiwa ada yake ya mwaka, usiiwekee matumaini makubwa. Tena nyaraka hizo ziko chini ya sheria za nchi moja, na kesi ya vitabu imetuonyesha kwamba jaji wa New York anaweza kufunga rafu inayosomwa Mbeya.

Kwa hiyo kwako mhariri, mkutubi, katibu wa halmashauri, mwalimu unayeendesha tovuti ya shule: Wayback Machine ina kisanduku cha kuhifadhi ukurasa, ni bure, na kinachohitajika ni anwani tu. Ingiza kurasa zako za muhimu leo. Kisha toa nakala ya pili, iweke kwenye diski iliyo katika jengo lako mwenyewe, na ya tatu uipeleke kwenye maktaba iliyo karibu nawe, bila kungoja programu ya San Francisco ipite.